Nyoka katika lupango: kitu gani ni cha wazee, kitu gani ni kigeni?

Katika masomo tunapofundisha, huku kwenye uwanda wa Ruzizi, mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alikosekana darasani kwa miezi mine. Aliporudi alikuwa na magongo mawili na mguu mmoja. Usiku mmoja alitoka nje bila taa kwenda kujisaidia, akapita kando ya fungu la matofali nyuma ya nyumba, na hapo akakanyaga kifutu. Watu wa nyumbani walifanya yote waliyoyajua: walifunga mguu kwa mpira wa kinga, wakachanja kwa wembe, wakabandika lile jiwe jeusi. Jiwe lilishika, wakafurahi. Kulipokucha mguu ulikuwa umevimba mupaka kwenye paja, ngozi inageuka rangi. Ndipo walipotafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwapo. Waganga waliokoa maisha yake, lakini mguu ulikatwa.

Siku moja, katika somo la historia, tulikuwa tunaeleza maisha ya mababu zetu mbele ya kuja kwa Wazungu. Yule kijana akainua kidole, akauliza: « Mwalimu, zamani zile wazee walikuwa wanafanya nini na nyoka? Maana kwetu wanasema lile jiwe ni la wazee. »

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutatafuta. Tuliuliza wazee wa Uvira, wa Luvungi na wa kule juu Bushi. Tulisoma pia vitabu tulivyoweza kupata. Jibu tulilolipata lilitushangaza sisi wenyewe, na ndilo tunaloleta katika kurasa hizi: jiwe, lenye tunaita la wazee, ni mgeni. Lakini ufagio, wenye tunaona ni kitu cha kila siku kisichokuwa na maana, huo ndio wa wazee.

1. Lupango ya zamani

Wazee waliotujibu hawakuanza na dawa. Walianza na uwanja. Mama aliamka asubuhi, mbele ya kuteka maji, akafagia uwanja wote mupaka udongo ukabaki mweupe, bila jani hata moja. Sisi tulifikiri ni usafi tu, ao heshima kwa wageni. Muzee mmoja akatucheka: « Mwanangu, kwenye udongo mweupe nyoka anajificha wapi? Na kama alipita usiku, utaona alama yake asubuhi. » Kumbe uwanja ulikuwa kama kitabu: ukiamka unasoma nani alipita, ametoka wapi na ameingia wapi.

Kuni hazikuwekwa kando ya ukuta wa nyumba. Ghala ya mahindi na mtama ilisimama juu ya miti, mbali kidogo na chini, ili panya wasipande kwa urahisi. Migomba iliyokuwa karibu na nyumba ilitolewa majani makavu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya nyasi, na moto uliwaka katikati kila jioni. Moshi ulikausha nyasi za juu na kufukuza wadudu. Tusidanganye lakini: nyumba ya nyasi haikuwa paradizo. Panya waliishi katika nyasi zile, na nyoka aliyewafuata aliweza kuanguka toka juu. Ndiyo maana wazee walikuwa na desturi ya kukung'uta mkeka mbele ya kulala. Na watoto walifundishwa mapema: usiingize mkono katika shimo, usitembee usiku bila kijinga cha moto.

Kwa hiyo wazee walijua jambo moja kubwa, lenye wataalamu wa leo pia wanasema: nyoka haji nyumbani kwa kutafuta mtu. Anafuata panya, chura, kifaranga na mayai, ao anatafuta mahali pa kujificha na pa joto. Ukiondoa chakula chake na kificho chake, umemwambia aende bila kumpiga hata fimbo.

2. Maneno na heshima

Usiku hatukuruhusiwa kutaja nyoka kwa jina lake. Tulisema « kamba », ao « nyama ya chini ». Desturi hii iko kwa watu wengi wa Afrika yetu, toka kwetu mupaka pwani ya Bahari ya Hindi. Tukiwa watoto tulifikiri nyoka atasikia jina lake na kuja. Leo tunaona kuna mafundisho ndani yake: mtoto mwenye kuogopa hata kutaja jina hatachezea kitu kile gizani.

Nyoka akishauawa, wazee walizika kichwa. Wengi wanasema ni juu ya ulozi, ili mtu mubaya asikichukue. Labda. Lakini kuna sababu nyingine: kichwa cha nyoka kilichokatwa kinaweza kuuma bado kwa muda, na meno yake yana sumu. Mtoto mwenye kukiokota, ao mwenye kutembea bila viatu, anaweza kuumia kwa nyoka aliyekwisha kufa.

Hapa kuna jambo lenye kutusumbua, na hatuwezi kulinyamazia. Nyoka akiingia nyumbani, watu hawasemi kila mara « nyoka ameingia ». Wanasema « ametumwa ». Na aliyemtuma ni nani? Mara nyingi ni mama muzee wa jirani, mjane asiyekuwa na mtu wa kumtetea. Tumeona jamaa mbili za avenue moja zikikataa kusalimiana miaka mingi juu ya nyoka mmoja aliyekutwa chini ya kitanda. Wazee wenyewe walitofautisha: nyoka wa pori ni nyoka wa pori, na jambo la kwanza lilikuwa kuuliza « ametokea wapi? », si « ametumwa na nani? ». Ukitafuta vizuri utakuta shimo ukutani, gunia la mihogo lenye panya, ao nyasi zilizofika dirishani. Basi tafuta shimo kwanza, mbele ya kutafuta mulozi.

3. Jiwe jeusi lilitoka wapi?

Tulipouliza juu ya jiwe jeusi, kila muzee alitujibu namna moja: « Tuliliona kwanza misheni. » Mapadri na masista walikuwa nalo katika zahanati zao, na wakristo wakalibeba mupaka vijijini. Wengine walijifunza kulitengeneza wao wenyewe: ni kipande cha mfupa wa ng'ombe, kinachomwa bila kuguswa na hewa mupaka kinakuwa cheusi kama kaa. Si jiwe hata kidogo, ni mfupa wa kuchoma. Kwa kuwa una matundu madogo sana, unanyonya maji, kwa hiyo unashika kwenye kidonda chenye damu. Unavyoshika kidonda, ndivyo unavyoshika hata ulimi wenye mate.

Hata wamisionari hawakuligundua. Mawe ya nyoka yalijulikana zamani huko Uhindi, na katika miaka ya 1600 wasafiri na mapadri waliyaleta Ulaya kama ajabu kubwa. Muganga mmoja wa Italia, Francesco Redi, aliyajaribu juu ya wanyama, na mwaka 1671 akachapisha kwamba hayakuponya kitu. Zaidi ya miaka 300 kisha, mwaka 2007, watafiti walitoa jaribio lingine lililofanywa juu ya panya, kwa sumu ya nyoka watatu wa Afrika. Kati yao walikuwa kifutu na swila mweusi mwenye kutema mate, ambao wote wawili tuko nao hapa kwetu. Jiwe halikuwasaidia wale panya.

Sasa msomaji atauliza: « Mbona mjomba wangu aliumwa, wakaweka jiwe, akapona? » Ni ulizo la haki. Jibu liko katika hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5,4 hivi wanaumwa na nyoka duniani. Kati yao, wenye kuingiwa na sumu ni toka milioni 1,8 mupaka milioni 2,7. Ni kusema, karibu nusu ya watu ao zaidi hawapati sumu, kwa kuwa nyoka hakuwa na sumu, ao alikuwa nayo lakini hakuitoa. Watu wale wangepona hata kama ungewawekea kipande cha muhogo. Wakipona, sifa inaenda kwa jiwe. Wakifa, tunasema jiwe lilichelewa.

Hatusemi haya kwa kutukana mapadri na masista. Wakati ule wengi walikuwa mbali na hospitali na walitoa kile walichokuwa nacho. Tunasema tu kwamba ule si urithi wa mababu, na hakuna sababu ya kuutetea kama urithi.

4. Toka watu wa ijieni mupaka salongo

Wakati wa Wabelgiji, katika miji kama Uvira na Bukavu (iliyoitwa Costermansville mupaka mwanzo wa miaka ya 50), watu wa ijieni walipita lupango kwa lupango. Walitazama nyasi, choo na maji yaliyotuama. Walichotafuta hasa ni mbu, lakini nyasi zikikatwa na nyoka pia anahama. Ufagio ule ule wa mama ukageuka kuwa sheria ya mkoloni, na mwenye kuacha nyasi alilipa amande. Wazee wanakumbuka jambo hili kwa uchungu, maana kitu walichokuwa wakifanya wenyewe kwa akili yao kiligeuzwa kuwa kazi ya kuogopa.

Kisha uhuru, katika miaka ya 70, ilikuja salongo. Sisi tulikuwa watoto katika miaka ya 80, na tunakumbuka vizuri: watu wote nje na majembe na mipanga, mitaro inazibuliwa, nyasi za barabara zinakatwa. Wengi waliichukia kwa kuwa ililazimishwa na chama, na ilikuja pamoja na nyimbo za kumsifu mkubwa. Aprili 1990, serikali ilipokubali vyama vingi, watu wengi waliacha jembe la salongo pamoja na siasa yake. Jina limebaki mupaka leo, lakini nguvu yake si ile ya zamani. Tulitupa maji machafu pamoja na mtoto aliyekuwa anaoga ndani.

Katika miaka ile ile, kule Lwiro, katika Bushi, utafiti juu ya nyoka ulikuwa unaendelea. Kituo kile kilianzishwa na Wabelgiji, kwa jina la IRSAC, shirika lililoundwa mwaka 1947. Leo ni CRSN. Mtaalamu wetu Chifundera Kusamba alichapisha mwaka 1987 makala juu ya mimea yenye kutumiwa na waganga wa kienyeji kwa sumu ya nyoka, na mwaka 1990 makala juu ya nyoka wa Zaire na kuuma kwao. Tunalitaja hapa ili vijana wajue kwamba elimu ya nyoka wetu haiandikwi Ulaya peke yake. Mtoto wa hapa pia ameiandika.

5. Vita na mafuriko

Oktoba 1996 vita ilianza katika eneo letu la Uvira, na Agosti 1998 ikaanza nyingine. Watu walikimbia: wengine milimani, wengine Burundi, wengine walivuka ziwa mupaka Tanzania. Waliporudi, kisha miezi ao miaka, walikuta matete ndani ya nyumba na mashimo ya panya chini ya kuta. Mama mmoja alitueleza: « Tulifika jioni na watoto. Bwana alikata nyasi kwanza, akachoma takataka, akapiga kuta kwa fimbo. Usiku ule tulilala uwanjani, kwenye udongo tuliofagia, si ndani. » Hakuna mtu aliyemfundisha. Alifanya kile alichoona kwa bibi yake.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira. Watu makumi walikufa na nyumba maelfu zilibomoka. Miaka ileile na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika lupango zilizo karibu na ziwa. Maji yakijaza mashimo, nyoka anatafuta pakavu kama sisi, na pakavu ni nyumba ya mtu.

Jambo hili liko pia katika historia ya dawa yenyewe. Mwaka 1891, huko Bac Lieu, katika nchi tunayoita leo Vietnam, mafuriko yaliwaingiza swila kijijini. Watu 40 hivi waliumwa, wanne wakafa. Habari ilimfikia muganga Mufaransa Albert Calmette, aliyefanya kazi Saigon. Alianza kutafuta, na mwaka 1894 alionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu kidogo kidogo inaweza kumlinda mwingine. Hiyo ndiyo asili ya dawa ya sumu ya nyoka mupaka leo.

Lakini dawa hii ni ghali, haitoshi, na mara nyingi haifiki kwetu. Dawa moja iliyotumiwa sana Afrika, FAV-Afrique, iliachwa kutengenezwa mwaka 2014, na akiba yake ya mwisho ilipita muda Juni 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 lilitoa mpango wa kupunguza kwa nusu vifo na vilema mupaka mwaka 2030. Linakadiria vifo toka 81 000 mupaka 138 000 kila mwaka, na wenye kubaki vilema ni karibu mara tatu ya hao. Mwanafunzi wetu ni mmoja wa hesabu ile.

6. Tushike nini, tuache nini?

Tushike ufagio. Nyasi zikatwe, uwanja ufagiliwe. Matofali, kuni na manjanja ya zamani visirundikwe karibu na mlango. Kama lazima viwepo, viwe mbali na viinuliwe juu ya mawe ao miti. Matundu ya ukuta na ya chini ya mlango yazibwe kwa udongo ao simenti. Chakula kifunikwe ili panya wasikipate, na kuku walale katika nyumba yao, si chini ya kitanda. Paka anasaidia juu ya panya. Usiku tutembee na taa na viatu, hata kama choo ni hatua kumi. Kulala kitandani, chini ya chandarua kilichokunjwa vizuri chini ya godoro, kunazuia mbu na nyoka pamoja.

Watu wengi wanamwaga mazutu, wanachoma mpira, wanapanda vitunguu saumu ao mchaichai kuzunguka nyumba. Wataalamu hawahesabu vitu hivyo kama ulinzi wa kutegemea. Mchaichai hauna ubaya, utakunywa chai. Lakini ukiuacha uwe kichaka, umejenga nyumba ya nyoka wewe mwenyewe. Mazutu yanaharibu maji na udongo wenye watoto wanachezea.

Nyoka akiingia, ondoa watoto, simama mbali, usimwondolee macho, mwachie njia ya kutoka. Wengi wanaumwa wakijaribu kumuua. Tena si wote adui. Yule nyoka wa nyumba, mwenye rangi ya udongo, hana sumu na anakula panya. Yule mwenye kula mayai hana meno ya kuumiza mtu, hata kama anafanana na nyoka mubaya. Kama humjui lakini, mhesabu kuwa ni mubaya na ukae mbali.

Mtu akiumwa, tuache jiwe, tuache wembe, tuache kufunga kwa mpira, tuache kunyonya. Kufunga kwa nguvu kunazuia damu na kuua mguu; wembe unaongeza damu na uchafu. Mtulize mgonjwa, mwondolee pete na viatu, funga miti miwili kando ya mguu ili usitikisike, na mpeleke hospitali palepale, asitembee kwa miguu yake. Swila akitema mate machoni, osha macho kwa maji mengi masafi, kwa muda mrefu, kisha nenda kwa muganga. Tena tuulize mbele, siku ya amani: hospitali gani karibu nasi iko na dawa? Nani ana pikipiki usiku? Kila avenue iwe na jibu mbele ya hatari kufika.

Hatusemi kwamba dawa za wazee zote ni bure. Mimea ile iendelee kuchunguzwa. Lakini saa zenye tunapoteza tukingojea jiwe lianguke, zile saa ndizo zilizochukua mguu wa mtoto wetu.

Tulimjibu yule kijana darasani, mbele ya wenzake: zamani wazee hawakuwa na jiwe, walikuwa na ufagio, na macho ya kusoma uwanja asubuhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: « Basi baba hakuniua kwa mila yetu. » Tulimwambia hapana, baba yake alitumia kile alichofundishwa akidhani ni kizuri. Siku ya posho iliyofuata tulipita kwao. Baba na watoto walikuwa wanabeba lile fungu la matofali, moja moja, mupaka mwisho wa lupango. Kijana alikuwa amekaa kwenye kiti, ana ufagio mkononi, anafagia pale palipobaki wazi.